Santuri Niliyoipiga Mara Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika chumba cha upelelezi, Jumatatu tarehe 17, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi.
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mtaani huitwa Masikio.
Umri: miaka 26. Kazi: karani wa maktaba.
Makazi: chumba cha nyuma, nyumbani kwa mjomba wake, fundi wa redio na gramafoni.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nataka kueleza kuhusu santuri ya mwalimu mstaafu, ambayo imemweka mjomba wangu mahabusu tangu juzi Jumamosi.

Mimi hukusanya gramafoni za kale. Ninazo tatu: ya pembe ya shaba, ya kabati la mbao, na ya mkoba. Kila Jumapili hupiga santuri moja kwenye zote tatu na kuandika daftarini jinsi kila moja inavyotoa sauti: uzito, ukali, mkwaruzo, alama juu ya kumi. Mshonaji wa kibanda jirani na cha mjomba ndiye aliyeniita Masikio. Kila nikipita husema, "Masikio, leo umesikia nini? Mbu kapiga chafya?" Mimi hucheka. Moyoni nilikuwa najivunia.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa kumi alasiri, Mwalimu alikuja kibandani na santuri ndani ya foronya. Nilikuwepo. Alisema ina sauti ya mama yake akizungumza, iliyorekodiwa kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa na mashine ya kurekodi. Mama yake alifariki kabla yeye, akiwa mtoto mchanga, hajaanza kusema. Alitaka sauti ile ihamishiwe kwenye simu yake. Mjomba alimwambia kazi itachukua kama wiki mbili.

Mjomba akamuuliza, "Wewe umeshawahi kuisikia, Mwalimu?"

"Bado. Shangazi aliniambia nisiipige ovyo, itaisha. Nimengoja miaka sitini na sita, Fundi. Wiki mbili hazitaniua."

Shangazi yake alisema kweli. Santuri za kiwandani ni ngumu, lakini ile ilikuwa bati jembamba lililopakwa rangi laini nyeusi, na sauti ilichongwa ndani ya rangi hiyo. Haina nakala. Mjomba aliagiza sindano nyepesi. Aliifungia santuri kabatini na kuniambia, "Hii isiguswe na chuma." Nilimwitikia. Naomba hilo liandikwe.

Jumapili tarehe 9, saa nane mchana, mjomba alikuwa amelala. Nilichukua ufunguo kwenye koti lake, nikaenda kibandani, nikaichukua santuri hadi chumbani kwangu. Sikutaka kuiiba. Kwa miaka yote nilikuwa nimelinganisha mashine zangu kwa muziki, na muziki huficha mengi. Nilitaka kuzisikia zikibeba sauti ya mtu mmoja tu anayezungumza.

Kila mara niliweka sindano mpya ya chuma. Ndiyo kanuni yetu sisi wapenzi wa gramafoni: sindano mpya kwa kila mpigo, santuri inakuwa salama. Kanuni hiyo ni ya santuri za kiwandani. Nilikuwa najua. Nilijiambia kwamba kwa mtu mwangalifu kama mimi itatosha.

Nilianza na ya pembe. Sauti ilitoka. Mpigo ulipokwisha, nyuzi nyeusi za ile rangi, laini kama nywele, zilikuwa zimejikusanya kwenye ncha ya sindano. Nilizipuliza. Nikaenda kwenye ya kabati, nyuzi zikawa nyingi zaidi, nikapuliza tena. Ya mkoba ilitoa mvumo tu, kama mchanga unaomwagwa kwenye karatasi. Niliandika daftarini kwamba mashine ya mkoba ni mbovu.

Nilielewa baada ya dakika kadhaa. Niliiwasha taa ya mezani nikaitazama santuri kwa upande. Mifereji ilikuwa imeparurwa, imekuwa kijivu. Jumatatu saa moja asubuhi niliirudisha kabatini ndani ya foronya yake.

Alhamisi tarehe 13, saa nne asubuhi, sindano nyepesi ilikuwa imefika na Mwalimu aliitwa. Alivaa gauni lililopigwa pasi na miwani mipya. Nilikuwa likizo, nikakaa mlangoni. Mjomba alipiga santuri, tukasikia mvumo. Akaanza upya. Mvumo.

Mwalimu akasema, "Fundi, hii siyo yangu."

"Ni yako, Mwalimu."

"Yangu ina mtu ndani. Umempeleka wapi mama yangu?"

Mshonaji aliingilia kati, akisema mjomba hajawahi kubadilisha hata betri ya mteja. Mwalimu akamwambia anyamaze, ashone. Mjomba alishika lenzi akaitazama santuri kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ilikuwa chini ya ufunguo wangu. Mimi ndiye wa kuulizwa." Hakunitazama. Mimi nilikuwa nasoma maandishi ya kopo la gundi.

Mwalimu alipeleka malalamiko kituoni, na Jumamosi tarehe 15, saa tano asubuhi, askari wawili walimchukua mjomba kwa tuhuma za kubadilisha mali ya mteja. Nilimfungia kibanda.

Jana nilimletea shati hapa kituoni. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ulitumia sindano gani?"

"Ya chuma, mjomba. Mpya kila mara."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Alifumba macho. "Nenda nyumbani, mwanangu. Umechoka." Angenitukana ningelala.

Afisa ameniuliza mama huyo alisema nini kwenye santuri. Sijui. Niliisikia mara mbili na sikumbuki neno hata moja, kwa sababu nilikuwa nasikiliza mashine. Nimeleta daftari. Kwenye ukurasa wa tarehe 9 nimeandika: "Mtoto analia nyuma ya msemaji. Kasoro. Punguza alama mbili." Mtoto huyo ni Mwalimu.

Mwalimu ameketi humu chumbani, na afisa amemruhusu aniulize swali moja. Ameuliza, "Ilikuwaje, mwanangu? Sauti yake. Nene au nyembamba?"

Hilo nilidhani naliweza. Nimemjibu kwamba kwenye mashine ya pembe ilikuwa nyembamba, ya juu, kama ya msichana anayeita mtu ng'ambo ya barabara. Kwenye ya kabati ilikuwa nene na tulivu, kama ya mtu anayesema huku amekumbatia kitu. Kila mashine humpa mtu sauti yake. Sijui ipi ilikuwa ya mama yake, na sasa hakuna pa kuhakikishia.

Mjomba wangu hana kosa. Niliyoyaeleza ni ya kweli na nimeyatoa bila kushurutishwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Amefahamishwa kwamba anaweza kushtakiwa, amesema anaelewa. Daftari moja limepokelewa kama kielelezo. Hati ya kumwachia fundi imeandaliwa saa tano kasorobo. Mlalamikaji hajaondoka. Amemwomba shahidi amweleze tena sauti zote mbili, polepole, na aanze na ile nene.