Mahindi Ndiyo, Harage Hapana

Kilosa, Jumapili, tumetoka kanisani sasa hivi

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa siku zote ambazo sijaandika. Mguu wako wa kushoto bado unakusumbua asubuhi? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mke wa mchungaji ilifika, au aliimalizia yeye njiani? Na mvua huko Maswa zimekunyesheeni vizuri, au mmeambulia mawingu tu kama mwaka jana? Usinijibu kwamba hamjambo tu halafu basi. Nataka kujua kila kitu, hadi kuku wanaotaga na wanaokula bure.

Kabula mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma taratibu. Ukifika mahali ninapojiaibisha, usiruke na usiongeze chumvi. Chumvi yangu inatosha.

Sisi ni wazima. Kulwa na Doto wanakwenda shule na wanarudi na madaftari yao, jambo ambalo kwa Doto ni la kushukuru. Baba Kulwa anakusalimu sana. Ningepiga simu, lakini kila nikikupigia unakuwa umeizima ili kuitunza chaji, na habari hii nikiisema harakaharaka itaharibika.

Mama, unakumbuka nilivyokuambia nimejiunga na kikundi cha bustani hapa Kilosa, ukacheka ukasema mtoto wa ng'ombe mia anakwenda kumwagilia mchicha? Cheka, lakini nikueleze kwa nini nilikwenda. Tangu niolewe nimehama mara nne. Igunga, Usangu, Kilombero, sasa hapa. Kila mahali nyumba ni miti na turubai, na kila nikianza kuwajua majirani, Baba Kulwa anaanza kuchungulia malisho ya mbali. Mwaka huu akaanza tena. Nikamwambia, baba, mimi nimechoka. Akashinda na ng'ombe siku mbili, unamjua. Siku ya tatu akasema, "Hawa watu wa hapa hawatutaki. Kama kuna watakaokupokea kwa moyo mmoja, nafyatua tofali tujenge. Wasipokupokea, mvua zikiisha tunasogea kusini, na usilie njiani." Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kwa hasira, lakini nilisema.

Kikundi kina watu ishirini na mmoja, karibu wote wenyeji. Bustani yao iko kando ya mto, nje kidogo ya mji. Mwenyekiti ni Bi Mwajuma, mama mtu mzima, mfupi, ana sauti ya kuweza kusimamisha treni. Miaka ya nyuma ng'ombe wa wafugaji Wasukuma waliopita walikula mahindi yake yote, shamba zima, yakiwa yameshachanua. Hawakuwa ng'ombe wetu, wakati huo sisi tulikuwa Kilombero, lakini nilipomwambia jina langu aliniangalia kama mimi ndiye niliyeyatafuna. Utaratibu wao ni kwamba mgeni hujitolea msimu mzima bila tuta lake: anachota maji, anapalilia, anabeba, anajifunza. Mwisho wa msimu wanapiga kura. Bi Mwajuma akaniambia, "Kujitolea hatukatazi mtu. Kura ni jambo jingine."

Sasa nisikilize nilivyojitafutia balaa. Mafuriko ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameleta mchanga mtupu kwenye nusu ya bustani. Walikuwa wanalalamika ardhi haina nguvu, miche inadumaa. Mimi nikawaza, hawa watu wana wazimu? Zizini kwetu kuna samadi inayofika magotini! Sikuuliza mtu. Kesho yake alfajiri nikafunga maksai wawili, nikajaza mkokoteni samadi mbichi, ile inayotoa mvuke, nikaenda nikaimwaga kwenye matuta ya nyanya na mchicha, nikaisukumia mpaka kwenye mashina. Nilifanya kazi ile naimba. Nilitaka wakifika waone Msukuma ni mtu wa namna gani.

Waliona. Siku ya nne miche ilikuwa imeungua, imekauka kama imepitiwa na moto. Kwetu samadi tunaitupa shambani kiangazi, inakaa miezi inapigwa na jua kabla ya mbegu, kwa hiyo sikuwahi kujua kwamba ikiwa mbichi inaua. Mama, niliona aibu nikatamani ardhi inimeze. Na haikuishia hapo! Wiki mbili baadaye, pale penye mchicha pakaota vimiti vidogo vyenye majani membamba. Bi Mwajuma akaviinamia, akang'oa kimoja, akanionyesha miiba inayoanza. Migunga! Ng'ombe wetu wanakula matunda ya mgunga, mbegu zinatoka nzima kwenye mavi, nami nimewapandia watu pori katikati ya mboga. Mzee mmoja wa kikundi akasema, "Basi, huyu anaandaa malisho." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilirudi nyumbani nikampigia mwenzangu kelele kwa sababu ya sufuria ambayo hata haikuwa na kosa.

Nilikuwa sitaki kurudi. Nikamwona Baba Kulwa anakagua magurudumu ya mkokoteni na kuyapaka grisi. Kuona grisi ile tu nikachukua jembe nikaenda.

Nilimkuta Bi Mwajuma peke yake anamwagilia. Nikampigia shikamoo. Akajibu marahaba bila kugeuka. Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kujifunza. Kama ni kunitukana, nitukane kabisa, halafu unifundishe."

Akatua keni ya kumwagilia. "Nikutukane kwa nini? Mavi umeleta, akili hukuleta. Kesho leta vyote viwili."

Ndivyo tulivyoanza. Alinipa kona mbaya kuliko zote, ile ya mchanga mtupu ambayo hata magugu yaliikataa. Akanifundisha kupanga lundo: tabaka la samadi, tabaka la majani makavu, udongo kidogo, maji, halafu kufunika na majani ya migomba. Kila wiki kuligeuza lote, la chini lije juu. Kujua kama limeiva akaniambia nichomeke mti katikati, niuache, kisha niuchomoe na kuushika. Ukiunguza kiganja, bado. Mimi nikachomeka fimbo yangu ya kuchungia. Bi Mwajuma akaitazama akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza naona fimbo hii inafanya kazi ya maana." Nikamjibu, "Na mimi leo ndiyo mara ya kwanza naona ulimi wako umepumzika hata dakika moja." Nilijua nimevuka mpaka. Akacheka, mama! Akacheka mpaka akakaa chini.

Nililigeuza lundo lile mpaka mgongo ukaniita jina. Wiki ya kwanza fimbo iliniunguza. Ya pili ikaniunguza. Mbegu za migunga zilipikwa humo ndani zikafa, sikuona hata moja ikiota. Mwishowe fimbo ikatoka vuguvugu, kisha baridi, na samadi imekuwa nyeusi, laini, inanukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Nikaichanganya na ule mchanga, nikapandikiza nyanya jioni jua likiwa limepoa, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nakwenda kuzitazama hata siku isiyo ya zamu yangu. Baba Kulwa akaanza kuuliza kama kule nina mume mwingine.

Mama, zile nyanya! Nisiseme sana nisionekane najisifu, lakini acha nijisifu. Zilizaa mpaka tukaziwekea miti ya kuziegemeza, na miti yenyewe ikapinda. Kona ya mchanga! Wenzangu wakaanza kuja mmoja mmoja, kwa kujifanya wanapita, kuniuliza habari za samadi. Yule mzee wa malisho ndiye aliyekuja wa kwanza na ndoo.

Wakati wa mavuno tulipakia mboga kwenye fuso tukaenda kuziuza Mikumi, kwenye barabara kuu inayokwenda Iringa na Mbeya, ambako mabasi yanasimama. Sikuwahi kufika. Kule wenyeji wananung'unikia tembo wa mbugani wanaoingia mashambani, wanawalaani neno kwa neno kama hapa wanavyolaani ng'ombe wetu. Nisamehe, lakini nilifurahi kusikia kuna mnyama mwingine anayelaumiwa. Jua halijafika utosini, nyanya zangu zilikuwa zimeisha karibu zote. Akaja mpishi wa kambi moja ya watalii, akachukua ile ya mwisho iliyobaki kwenye tenga, akaibonyeza, akainusa, akauliza, "Hizi kalima nani?"

Bi Mwajuma akanisukuma mbele kwa kiwiko. "Huyu hapa. Msukuma wetu."

Wetu. Nilijifanya nafunga kitenge.

Haya, sasa kura. Kabula, hapa usiruke. Wana kibuyu chenye mdomo mwembamba. Kila mtu anapewa punje moja ya mahindi na harage moja. Mahindi ni ndiyo, harage ni hapana. Unaingiza mkono nyuma ya kanga iliyotundikwa, unatumbukiza moja, nyingine unabaki nayo kwenye ngumi mpaka wamalize kuhesabu. Mwenye kuombewa naye anapiga. Na likitoka harage, hata moja, aliyelitia anatakiwa kusimama na kusema neno lake mbele ya mhusika, ili asiondoke nalo moyoni.

Baba Kulwa alikuwa amekuja. Alisema anamtafuta ndama aliyepotea. Ndama gani, wakati wote walikuwa zizini! Alisimama nje ya uzio, amewapa watu mgongo, anasikiliza kwa masikio yote.

Bi Mwajuma akamimina kibuyu kwenye ungo. Mahindi, mahindi, mahindi. Ishirini na moja. Na harage moja.

"Nani?" akauliza. Hakuna aliyesimama. Nikawaangalia mmoja mmoja. Damu ilinipanda, mama, nikasema moyoni, mnafiki gani huyu aliyekula nyanya zangu? Nikafungua mdomo nianze kumwaga maneno, nikanyoosha mkono kumwonyesha mzee wa malisho, na ngumi ikafunguka. Kwenye kiganja changu kulikuwa na punje ya mahindi.

Mimi mwenyewe! Kule nyuma ya kanga, bila kutazama, nilitumbukiza isiyo yenyewe. Watu walipiga yowe la kicheko lililovuka mto. Bi Mwajuma peke yake hakucheka. Akasema, "Utaratibu ni utaratibu. Aliyetia harage asimame aseme. Una neno gani juu ya Mama Kulwa?"

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikasimama. Mayu, mama yangu, nilitaka kusema nimekosea tu, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa mengine. Nilisema, "Neno langu ni kwamba huyu mwanamke hajawahi kukaa mahali. Anaogopa. Anaogopa mkimpa tuta atalipenda, halafu ataondolewa, na safari hii hataweza kuinuka." Nikaanza kulia, mimi ambaye sikulia Usangu tulipoondoshwa. Kisha nikasema, "Lakini anataka kukaa. Nataka kukaa hapa kwenu. Nawaomba."

Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Bi Mwajuma akaokota lile harage kwenye ungo, akalitia mfukoni mwa gauni lake. "Umemaliza?" akaniuliza. Nikasema nimemaliza. "Basi weka hiyo punje uliyoishika, tuna kazi."

Nikaiweka. Mahindi yakawa ishirini na mawili. Vigelegele vilipigwa mpaka bodaboda wa barabarani wakasimama kuuliza kama kuna harusi. Nilipogeuka, Baba Kulwa hakuwepo kwenye uzio. Nikadhani amekasirika. Nilimkuta nyumbani amevua shati, anakanyaga udongo wa tofali, amechafuka mpaka kifuani. Hakuniangalia. Alisema tu, "Leta maji." Nilileta, mama, huku nacheka na kulia.

Msalimie baba mkubwa, mwambie sasa akitaka kuja anakuja kwenye nyumba, si kwenye turubai. Msalimie shangazi aliyenifunga kitenge siku ya harusi, na mama wa ubatizo, na wifi yangu mwenye mtoto mchanga ambaye sijamwona. Kabula, nawe nakusalimia, mvivu wa kuandika wee.

Tofali zimeshakauka, tunasubiri kuzichoma. Jana Bi Mwajuma alinipa mche wa mchungwa, nikaupanda pale mlango utakapokuwa. Alinionya kwamba huo si nyanya, nitasubiri miaka mitatu, pengine minne, kabla ya kuonja hata chungwa moja.

Nikamwambia asijali, nipo.

Mwanao akupendaye,
Minza, Mama Kulwa