Ruhusa ya Kuwasha Moto

Jumanne, 18 Juni 2013

"Ndugu zangu katika mapambano, mlioketi juu ya mabenchi ambayo babu zetu waliyachonga kwa mataruma ya reli—"

Hivi ndivyo nitakavyoanza. Mjomba Bushra amekubali: Ijumaa, siku ya arobaini, katika klabu ya wafanyakazi wa reli, hotuba ya kumkumbuka bibi yangu, Batul, mama yao Mama na Mjomba, nitaitoa mimi. Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa nne, niliyesimamishwa masomo kwa sababu ya hotuba nyingine. Wazee wawili walinung'unika. Mjomba akawaambia kwamba mapafu haya nimeyarithi kwa marehemu.

Kurasa sita tayari. Moyo wa hotuba ni mgomo. Bibi alifiwa na mume akiwa na miaka ishirini na tisa, watoto watano mkononi, na bamba moja la chuma la kuokea. Juu ya bamba hilo alimimina mikate myembamba ya mtama kila alfajiri, akaiuza kwenye lango la karakana. Karakana ilipogoma, alilisha uchochoro mzima kwa majuma matatu. Mama mzazi wa tabaka zima! Sentensi hiyo nimeipigia mstari mara mbili.

Mama ameniuliza naandika nini. Nikamweleza. "Andika kwamba alipenda chai ya maziwa," akasema, akageukia ukutani.

Alhamisi, 20 Juni 2013

Mama bado hapiki. Majirani wanaleta sinia, sinia zinarudi nusu.

Nyuma ya mlango wa jiko limesimama gunia la kimea. Bibi aliuchipusha mtama ule na kuuanika kwa mikono yake juma moja kabla ya kufa, kwa ajili ya hilumur, kinywaji cha Ramadhani. Ramadhani imebakiza siku ishirini. Miaka yote, kufikia sasa, kota za reli zingekuwa zinanukia: rojo la kimea lenye ukwaju, tangawizi na mdalasini likimiminwa juu ya chuma cha moto, likibanduliwa kama karatasi nyekundu za kuloweka kwenye maji ya futari. Mwaka huu hakuna moshi. Uchochoro wetu hauwashi moto wa hilumur mpaka nyumba ya msiba itoe ruhusa, kwa kuwa harufu ile ni furaha. Na vifurushi vya watoto walio mbali lazima viondoke kabla ya tarehe tano Julai.

Jirani yetu Sittana alikuja jioni. Mwanawe yuko machimboni jangwani. Kila mwaka hungoja kifurushi hicho. Akazungumzia joto, akazungumzia mbuzi wake.

"Ihsan dada yangu, Ramadhani inakimbia mwaka huu, eh?"

"Kila mwaka inakimbia," Mama akajibu.

Sittana akautazama mlango wa jiko, akaaga. Nilimsindikiza. Nikamuuliza kwa nini asiombe tu ruhusa.

"We mtoto, mfiwa hasukumwi."

Nyumba kumi na saba zinangoja neno moja la mama yangu. Nasoma nadharia za nguvu za umma, na nguvu za umma zimekaa nyuma ya ukuta zikizungumzia mbuzi.

Ijumaa, 21 Juni 2013

Klabu ilifurika. Wanaume mbele, wanawake ukutani nyuma. Nilipofika kwenye mgomo, wastaafu walilia waziwazi.

Kisha nikamwona Sittana, na ulimi ukatangulia karatasi. Sikuwa nimeyaandika haya: "Bibi Batul hakuuzima moto wake hata njaa ilipobisha hodi! Kina mama, kwa jina lake, nyumba yetu inawaambia: washeni!"

Wanaume walisimama kwa makofi. Wanawake hawakupiga makofi. Walimgeukia Mama, wote kwa pamoja. Akalivuta tobe lake jeupe la msiba, lile vazi la kujitanda, juu ya kichwa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi, 22 Juni 2013

Hakuna moshi. Hata nyumba moja.

Alasiri Mama akaniita. Kisha: "Nani alikupa ruhusa yangu uigawe?"

Nikaanza kueleza haki za jamii. Akanyanyua kiganja.

"Sittana akiwasha, amenidharau mimi. Asipowasha, amekukana wewe mbele ya watu. Mtu amesubiri siku arobaini kwa heshima, wewe unamfunga mikono yote miwili. Hiyo ndiyo sheria mnayofundishwa?"

Nikaifunika kalamu yangu. Mimi!

Kisha akakunja mkono wa gauni. Kovu lile kwenye kigasha, ambalo siku zote nilidhani ni la pasi.

"Na ule mgomo wako. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa, nikaanguka, mkono ukatua juu ya chuma cha moto. Mama akaiacha mikate ikaungua. Wanaume wamepanga foleni mpaka relini. Yeye ameketi chini ananipuliza mkono, ananiimbia, mpaka nikalala."

"Aliwaambia nini?"

"Aliwaambia wangoje. Wakangoja. Siku ile hakuna aliyekula kabla ya adhuhuri."

Nimezisoma upya kurasa zangu sita. Ndani yake kuna lango, karakana, tabaka, historia. Mtoto hayumo. Nilimjua Bibi miaka ishirini na tatu. Alinisuka nywele, alinificha uvunguni polisi walipokuja, alinipimia tembe za malaria kwa saa ya ukutani. Hayo pia hayamo.

Jumatatu, 24 Juni 2013

Nimepita nyumba zote kumi na saba kuyafuta maneno yangu. Hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa: nilisema lisilo langu, nisameheni.

"Karibu, wakili," alinipokea Hajja Rawda, mzee kuliko wote uchochoroni. "Umetuletea mapinduzi mengine? Kaa, kwanza nimeze chai."

Alinisamehe kabla sijamaliza. Akanisimulia mwaka aliofiwa na mumewe. Alikuwa ameufunga mlango, na Shaabani ilikuwa inaishia.

"Bibi yako akaja. Hakutaja msiba, hakutaja moto. Eti anaazima chekeche. Ana machekeche matatu kwake, mimi nayajua! Nikainuka kumtafutia. Nilipoingia jikoni, nikajikuta nimeshika sufuria."

Nikamuuliza kama niende nikaazime kitu kwa Mama.

"Wewe? Wewe umeshasema ya mwaka mzima. Mwache Sittana."

Jumatano, 26 Juni 2013

Sittana ameingia asubuhi. "Ihsan, niazime chekeche."

"Lako liko wapi?"

"Limetoboka."

"Jana nililiona uani kwako. Lilikuwa zima."

"Basi una macho mazuri. Niazime hivyo hivyo."

Nilijiuma ulimi, kwa maana halisi. Kisha Mama akainuka, goti likalia, akaingia jikoni. Tukasikia gunia likifunguliwa. Lilifunguka polepole, fundo moja baada ya jingine. Bibi alifunga kila kitu kana kwamba kinasafiri.

Akatoka na kimea kiganjani, amekinusa. "Kimekaa vizuri. Mama alitia bizari nyembamba kabla ya ukwaju, au baada?"

"Mimi niliwekwa kwenye tangawizi miaka yote," akasema Sittana. "Aliniambia mikono yangu haina siri."

Mama akacheka. Kidogo, puani, lakini nimeandika: akacheka. Kisha akalia, Sittana akamshika mabega, na mimi nikaenda kuchota maji kwa kuwa hakuna aliyeniomba kusema.

Kabla au baada? Hakuna anayejua. Mama anaonja bakuli mbili, moja hivi, moja vile, na anakunja uso kwa zote. Neno "ruhusa" hajalitamka. Sittana hajaliuliza. Sufuria kubwa limeshawekwa juani, na rojo linahitaji siku mbili kuchacha.

"Acha daftari," Mama ameniambia sasa hivi. "Nenda kwa Rawda, halafu kwa wengine."

Nikauliza niwaambie wakutane nyumba gani. Nyumba hii, au kwa Sittana?

Ameonja tena bakuli la pili. "Kwanza waambie saa."

Navaa viatu. Ameitaja: Jumamosi, mara baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda.