Kichuguu ya Balimu Bane

Yaya Agnès, dada yangu mukubwa, jambo! Jua ya Elisabethville inachoma mpaka chaki mufukoni.

Hapa koleji, balimu bane tunafundisha kitu kimoja: kichuguu ya nyuma ya darasa. Wa hesabu anapima urefu, wa biolojia anatafuta malkia wa muchwa, wa jiografia anaonja udongo, mimi wa historia ninasema tu.

Jana askari wa kambi ya hapa karibu akatukuta tunakichimba. "Munamuchimbia nani mitaro ya vita?" Tukanyoosha mikono. Nikamuonyesha madaftari. Akaweka bunduki chini, akashika jembe: "Mama yangu anafanyaka matofali na hii udongo. Munachimba upande mubaya!"

Akatufundisha mpaka kengele ikalia, akaenda anaimba. Bunduki akaisahau. Benzangu bakaitazama, bakanitazama: "Bunduki? Hiyo ni ya historia."

Ninakuandikia mbele ya kuipeleka kambini. Salimia batoto, Yaya, na uniombee sana.