Mwiba wa Picha ya Pili

Alhamisi jioni, Korogwe. Joto halipungui, mawingu yametanda juu ya Usambara na mvua hainyeshi. Sina raha kabisa.

Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi. Wiki tatu zilizopita aliletwa Mama Zaina, mkulima wa Kwedizinga. Alichomwa na mkonge kwenye shavu la mguu, pale mpakani mwa shamba lake na la jirani yake, Bibi Mwanahawa. Mwiba waliutoa wenyewe nyumbani, lakini mguu ukavimba. Nikapiga eksirei, sikuona kitu. Nikamwambia, "Mguu wako ni safi, mama."

Nilikosea. Eksirei inaonyesha chuma na mfupa, mwiba wa mmea huwa hauonekani. Hilo nimelijua tangu chuoni. Foleni ilikuwa ndefu, nami nikajiambia si wameshautoa.

Leo amerudishwa akiwa amebebwa, mguu unatoa usaha. Daktari akaagiza altrasaundi. Nikauona: ncha ya mwiba, ndefu kama ukucha, imelala ndani ya nyama. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikamgeuzia kioo cha mashine mwanawe, Rajabu, naye aone.

Rajabu hakufurahi. "Dada, mwiba tuliutoa kwa mikono yetu. Picha yako ya kwanza ilikuwa safi. Huu kautia nani?"

Mama yake akajibu kabla yangu. "Nimewaambia siku zote. Mwanahawa kanitupia uchawi."

Nilipaswa kusema palepale kwamba ncha ilivunjikia ndani, na kwamba mashine ya kwanza haikuweza kuiona. Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Niliona aibu.

Nikajifanya nafuta mashine.

Rajabu akaomba nakala za picha zote mbili akawaonyeshe wazee wa ukoo. Nikamchapia. Mama Zaina kabaki wodini, kesho asubuhi anapasuliwa, na daktari anasema mguu utapona. Siogopi tena kuhusu mguu. Bibi Mwanahawa ni mjane, anaishi peke yake, na Rajabu ameondoka na picha zangu zote mbili.

Saa kumi na moja nimempigia Rajabu simu, nikamweleza kosa langu lote bila kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," akasema kwa upole, "kumbe bibi kakufikia na wewe?"

Akakata simu.

Nimempigia mwenyekiti wa kijiji, naye kaahidi kulala karibu na nyumba ya bibi. Kikao cha wazee wa ukoo ni kesho baada ya swala ya Ijumaa. Nitakwenda na daktari, nikiri mbele ya wote. Ila sijui nitamwonyesha nini Rajabu, maana ushahidi alionao nimempa mimi.