Kwa Kaka Aliyejifanya Amelala Barierini

Mpendwa kaka,

Jambo hili sikuwahi kumwambia mtu yeyote kabla ya Jumapili iliyopita: siku ulipokata nywele zako, aliyeshika mkasi ni mimi. Mama hakujua, ingawa mkasi ulikuwa wake, ule wa cherehani. Papa hakujua. Hata Sista wa darasani, anayenipenda kwa sababu ninasoma vitabu kuliko wenzangu, nilikaribia kumwambia nikarudi nyuma. Uliniomba ninyamaze, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza.

Barua hii haina bahasha kwa kuwa hatujui ulipo. Wengine wanasema ulivuka mpaka wa Kasindi, wengine wanasema walikuona Bunia. Madereva wataisoma kabla yako. Papa anajua hivyo.

Unakumbuka asubuhi zetu za uani? Butembo ilikuwa bado ndani ya ukungu, nawe ulitoka na kitambaa cha kilemba ukanipa ncha moja. Kilemba chetu hakikunjwi vizuri na mtu mmoja. Huyu anavuta huku, yule kule, kinakunjwa kwa urefu mpaka kinyooke. Tangu mikono yangu ilipopata nguvu, kazi ile ilikuwa yangu: kwanza cha Papa, halafu chako. Papa alivuta taratibu, midomo yake ikisali. Wewe ulivuta ghafla ili nianguke.

"Shikilia, Simran, ao upepo utakubeba mupaka Masereka."

Watoto wa jirani walichungulia juu ya ua wakaambiana, "Bahindi banaanika mashuka tena." Nilitamani kuingia ardhini. Wewe ulichukua ile ncha yako ukawapungia kama bendera.

Shuleni walikuuliza, "Muhindi, mu kitambaa mule munakala nini?" Ukawajibu, "Mbuzi. Amelala, musimuamushe." Wakacheka, ukacheka, wakakuita kwenye mpira. Mimi waliniuliza juu ya msuko wangu, kama kwetu hakuna mkasi. Nilikuwa na majibu yote, tena kwa Kifaransa safi: kwamba sisi ni Singasinga, kwamba babu alitoka Punjab akiwa fundi seremala, akapitia Uganda, akafika huku na sanduku la randa na misumeno, na kwamba nywele zetu ni zawadi ya Mungu, hatuzikati. Nilifungua kitabu badala ya mdomo. Ulipoona hivyo hukunicheka. Ulikaa karibu nami kwenye ukuta wa masista, ukala karanga zangu, ukasema utawajibia mpaka siku nitakapotaka kujibu mwenyewe.

Halafu vita vikafika barabarani. Sisi tulio na duka la misumari na kufuli tuliviona kwanza kwenye rafu, kwa sababu kila kitu kilipitia Beni, na kati ya Butembo na Beni kila kilima kilikuwa na barieri yake: kamba, mti uliolazwa, wanajeshi wachovu. Neno likaenea kwamba Wahindi wanaficha dhahabu ndani ya vilemba. Papa alicheka aliposikia. Akasema, "Wangejua uzito wa dhahabu, wangeona shingo yangu bado iko sawa." Ulikwenda naye Beni kuchukua mizigo, na mliporudi alikuwa amefunga kilemba ovyo. Alisema kulikuwa na joto njiani. Mama alimtazama, akaenda kupasha dengu.

Siku ya pili yake, saa za mchana, uliniita depo, ghala letu nyuma ya duka. Ulikuwa umekaa juu ya gunia, nywele zimefunguliwa mpaka kiunoni, mkasi wa Mama mkononi. Nikadhani ni mchezo.

"Ukate wewe," ukasema. "Mimi sifiki nyuma."

Nikakataa. Ndipo ukanieleza. Mbele kidogo ya Kalunguta, wanajeshi walimwita Papa ndani ya kibanda cha mbao, wakakuacha kwenye kiti cha gari. Mbao zilikuwa na nafasi katikati. Uliwasikia wakisema, "Mzee, fungula hiyo kitambaa, tuone zahabu." Ukamwona Papa akifungua, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka akabaki kichwa wazi mbele ya vijana wa umri wako. Hawakuona kitu ila kichana chake kidogo cha mbao. Wakakipokezana. Mmoja akajichania ndevu zake, wengine wakacheka. Kisha wakamwacha afunge kilemba peke yake, bila mtu wa kushika ncha ya pili. Alipotoka, uliegemeza kichwa dirishani ukafumba macho. Dereva wetu Kasereka alikuwa ameenda kuwaonyesha makaratasi ya gari, hakuona. Papa alisimama kando yako kwa muda, ukasikia pumzi yake. Halafu akapanda.

"Nikikata nywele atanikasirikia," ukaniambia pale depo. "Akikasirika, hatapanda gari moja na mimi. Atabaki dukani, nami nitapita na kofia kama mutoto wa mulato, chotara wa hapa hapa. Lakini usimwambie nilichoona. Heri anikasirikie kuliko anionee haya."

Nilikata. Zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na hazikukatika kwa mara moja. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na shingo yako ilikuwa nyeupe kama ya mtoto. Ulijigusa kisogo ukasema, "Baridi," ukajaribu kucheka.

Jioni ulivua kofia mezani. Papa aliweka chapati chini.

"Nani alikukata?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nilichoka, Papa."

"Umechoka," akasema, kama mtu anayejifunza neno geni. Akainuka. Kesho yake alikupa ufunguo wa gari bila kukutazama, akabaki dukani, sawasawa na ulivyopanga.

Kutoka siku ile mkazungumza kupitia kwangu. Mmekaa meza moja, bakuli moja la dengu katikati, na Papa anasema, "Simran, mwambie kaka yako gurudumu la nyuma limeisha." Nawe unasema, "Mwambie Papa nimeliona." Mama alisema siku moja kwamba nyumba hii imepata ofisi ya posta. Hakuna aliyecheka. Nilipeleka maneno yenu yote kama nilivyoyapokea, kaka, huku na huko, kwa uaminifu wa mwanafunzi anayeandika imla. Ningeweza kuongeza neno moja langu. Hapo ndipo ninapojuta zaidi. Sijutii mkasi.

Halafu Papa alinipa ujumbe wa mwisho: "Mwambie kaka yako, Jumapili asisimame nasi kwenye sala na kofia." Nilikukuta chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nikakuambia hivyo hivyo, nikiiambia miguu yako. Ulitoka ukapangusa mikono kwa muda mrefu, ukaniuliza kama nimemaliza kazi yangu ya historia. Nikasema bado. Ukasema, "Maliza." Ilikuwa siku ya safari. Gari lilirudi kutoka Beni likiwa limejaa misumari na mabati, Kasereka peke yake kwenye usukani. Alituambia ulishuka sokoni ukamwambia utabaki kidogo. Wiki ile risasi zililia upande huo, na wewe hukurudi.

Tangu hapo mvua zimekuja zikapita. Jumapili tunasimama kwenye chumba cha mbele, mikono imeunganishwa, na Papa anapofika mahali pa kuwaombea watu wa nyumba, anamtaja Mama, ananitaja mimi, anawataja hata shangazi wa Kampala. Kisha anapumua, anaendelea. Mama huinamisha kichwa pale pale kila mara. Baadaye tunagawa chakula kwa yeyote anayekuja, kama zamani, na akina mama wa jirani wanauliza, "Na Jagjit? Hakuna habari?" Papa anawaongezea dengu.

Nilidhani ni hasira. Niliamini hivyo mpaka juma lililopita, nilipokuwa ninasoma mlangoni nikawasikia wakiongea jikoni. Mama alikuwa anamwambia amsamehe mtoto. Papa akasema kwa Kipunjabi, pole pole sana, "Nimsamehe nini? Aliona haya kuwa mwanangu. Mtu anasamehewa kwa kuona haya?"

Nilibaki na kitabu mikononi bila kuona herufi. Ulimkatia nywele zako ili asijue kwamba umemwona, na yeye alikuwa anaishi na jambo baya kuliko lile tulilomficha. Sisi wawili ndio tuliompa. Ningekuwa na ujasiri wako, ningeingia jikoni saa ile. Niliingia chumbani.

Jumapili, baada ya wageni kwenda, nilimkuta dukani akipaka kufuli mafuta ili zisishike kutu. Nilimwambia yote, nimesimama, nikitazama kufuli. Kibanda, mbao, kichana, depo, mkasi. Sikujua kwamba ninaweza kusema maneno mengi hivyo bila kuacha.

Alimaliza kufuli aliyokuwa nayo. Akaiweka.

"Hakuwa amelala?"

"Hapana, Papa."

"Nilisimama kando ya dirisha," akasema. "Nikamshukuru Mungu kwamba mtoto amelala."

Kisha akavua miwani, akashindwa kupata mahali pa kuiweka, akanishikisha mimi. Sikuwahi kumwona Papa akilia, na sitaandika zaidi juu ya hilo. Alipopata sauti aliniambia, "Mwandikie, puttar."

Puttar ni neno lake la kutuita watoto wake. Hujalisikia kwa muda mrefu, kwa hiyo ninaliandika.

"Niandike nini?"

"Kama ulivyoniambia."

"Na wale watakaosoma njiani?"

"Wasome. Wale wa barieri pia wasome."

Kaka, sijui kama ninayo haki ya kukuomba urudi. Barabara bado ni mbaya, wewe unaijua kuliko mimi. Ninakuomba tu usiendelee kubeba hasira yake, kwa sababu haipo. Ukikaa huko, kaa ukijua hivyo. Ukija, njoo na kichwa chochote ulicho nacho.

Nimeinakili barua hii mara kadhaa. Chini ya kila nakala Papa ameandika mstari mmoja, ule ule, kwa herufi za kwetu, mkono wake ukienda polepole. Nilitaka kuutafsiri hapa, akakataa. Madereva hawataweza kuusoma. Ni wako. Haya ya mwisho ninayaongeza kwenye nakala moja niliyobaki nayo nyumbani: asubuhi hii nilivaa uniforme, nikaenda parking ya magari kabla ya kengele, nikampa Kasereka nakala ya Beni, mama mmoja muuza vitenge nakala ya Kasindi, na dereva wa Bunia nyingine. Dereva yule aliniuliza, "Mutoto, hii ni ya nani?" Nikamjibu mwenyewe, nikamtajia jina lako lote, na urefu wako, na kovu la kidevuni. Halafu nikaenda shule.

Ni mimi, mdogo wako.