Mwalimu wa Tatu kwenye Jedwali

Jumatatu, 3 Februari

Kurasa mia moja arobaini na tatu! Nimezichapa, nimezitoboa, nimezifunga kwa kamba ya kijani kwa sababu nyekundu zimekwisha. Shahada ya Ukalimani wa Lugha ya Alama. Miaka miwili ya maisha yangu. Mama wa masijala alipoona unene wake akauliza kama ni tasnifu ya mwanangu. Nikamwambia sina mwana, ni mtaala wa programu mpya. Akasema basi hongera, akagonga muhuri, akarudi kwenye chai yake.

Alhamisi ni kamati ya idara. Halafu bodi ya kitivo. Halafu seneti. Halafu Tume ya ithibati, na hao ndio wenye neno la mwisho: wakikataa hatudahili mwanafunzi hata mmoja. Kila mlango una fomu yake na kila fomu inauliza jina la programu kana kwamba limebadilika njiani.

Chakula cha mchana nimekula ofisini. Peke yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Kamati imepitisha. Dakika kumi na moja! Nilijiandaa kwa maswali kama mtu anayekwenda mahakamani. Mkuu wa idara aliuliza moja tu, kama yupo anayepinga. Mmoja alikuwa anasahihisha mitihani chini ya meza. Kimya — basi imepita. Wakaingia ajenda ya pili, ufunguo wa choo cha wafanyakazi, na hiyo ikala saa nzima.

Jioni nikampigia mdogo wangu kwa video. Simu naiegemeza kwenye kopo la sukari ili mikono yote miwili iwe huru. Yeye ni kiziwi tangu ana miaka miwili. Anafundisha useremala kwenye karakana ya shule ya viziwi, safari ya siku nzima kutoka hapa, na kwa miaka kumi na minane amefundisha alama kila aliyetaka: wazazi, wauguzi, hata polisi. Kwenye jedwali langu la walimu yeye ni wa tatu. Mimi, mwenzangu wa isimu, na yeye. Bila watatu hakuna programu.

Nilipomwambia imepita alirusha simu juu, nikaona dari, kisha pua yake. Akaniita kwa jina langu la alama, vidole viwili kidevuni, penye kovu langu la tetekuwanga. Tangu mama afariki hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo. Ndugu wengine walijifunza "kula", "njoo" na "pesa", wakaona inatosha.

Jumapili, 16 Februari

Nimeona kosa. Ukurasa wa 61, malengo ya programu: "Mhitimu ataweza kupima unyevu wa udongo na kushauri kuhusu umwagiliaji." Nilianzia kwenye kiolezo cha watu wa kilimo na hiyo ikabaki. Mkalimani na umwagiliaji! Idara imepitisha. Bodi ya kitivo imepitisha juzi, tena kwa pongezi.

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikakata chenyewe. Hakuna aliyesoma. Hata mmoja. Miaka miwili naandika, na hakuna aliyefika ukurasa wa 61.

Nimewasha redio, si kwa sababu ya habari. Nimetaka tu kuwe na mtu anaongea ndani ya nyumba.

Jumanne, 4 Machi

Afisa wa ubora amenirudishia. Tunamwita Koma, na mwenyewe anajua. Udongo nilishauondoa kimyakimya, kwa hiyo shida si hiyo. Shida ni pambizo. Ya kushoto iwe sentimita mbili na nusu, eti yangu ni mbili.

Nikamuuliza, na maudhui umeyaonaje? Akanitazama kwa huruma. Maudhui ni kazi ya kitivo, Dokta. Kitivo waliniambia ni kazi ya idara. Idara walikuwa kwenye ufunguo wa choo.

Nimesogeza pambizo. Sasa ni kurasa mia moja hamsini na moja.

Ijumaa, 14 Machi

Seneti imepitisha!! Mkuu wa idara amenipa mkono kwenye korido mbele za watu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika mkono kwa furaha.

Kisha akanivuta pembeni. Wataalamu wa Tume wanakuja katikati ya Mei. Wanahesabu walimu waliopo kwa macho, wenye barua mkononi. Aliye bado kwenye daftari la mwajiri mwingine hahesabiki. Kwa hiyo, "Mwambie yule fundi wako aache kazi mapema, Dokta, tusije tukaumbuka." Nikauliza, wakimkataa je? Akacheka. "Seneti imeshapitisha, nani akatae? Tume ni kuja kunywa chai tu."

Nimerudi ofisini nikafungua mwongozo wa Tume. Kifungu cha kumi na nne: mtaalamu wa fani asiye na shahada anaweza kufundisha somo la vitendo kwa uzoefu wake. Nimekisoma mara tatu. Kipo, kimeandikwa wazi.

Jumatano, 9 Aprili

Ameacha kazi. Barua ameipeleka leo asubuhi. Karakana wamemfanyia sherehe ndogo, randa yake kubwa amewaachia wenzake.

Aliniuliza kwenye simu, una uhakika? Kwetu sisi "hakika" ni ngumi kugonga kiganja. Nikagonga. Akanitazama tu. Nikagonga tena, kwa nguvu, mpaka kopo la sukari likaanguka na simu nayo.

Hapa naweza kusema ukweli. Sikumwita kwa ajili ya programu peke yake. Namtaka hapa. Nina miaka hamsini na sita na kuna wiki ambazo sentensi ndefu kuliko zote naziongea darasani. Nimechoka kuongea na watu wanaosubiri tu zamu yao.

Jumatatu, 28 Aprili

Amefika! Begi moja na sanduku la patasi, eti hizo hakuweza kuziacha. Nimempa chumba cha nyuma.

Watu hudhani nyumba yenye kiziwi ni kimya. Wee! Anaburuta viti, anabamiza milango, anacheka kwa sauti kubwa kama injini ya trekta. Jirani amechungulia juu ya ukuta. Nikamwambia ni mdogo wangu, amekuja kufundisha chuoni. Nilijisikia nikilisema hilo, kwa maringo.

Tumeongea kuanzia chai ya asubuhi mpaka mikono inauma. Tumemsema kila mtu. Tumemsema mpaka marehemu baba na kofia yake. Redio sijaigusa.

Jumanne, 13 Mei

Tume wamefika, wataalamu watatu. Chuo kimejipodoa. Ukuta umepakwa rangi mpaka pale wageni watakapoishia, baada ya hapo ni uchafu wetu wa siku zote. Viti vya maabara ya lugha tumeazima kwa watu wa sheria. Koma mwenyewe nimemwona akifagia!

Mwenyekiti wao ni profesa mstaafu, mama mmoja mfupi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Akafungua mtaala wangu. Umejaa vikaratasi vya njano! Ukurasa wa 88, Dokta, kwa nini historia ya viziwi iko mwaka wa pili na si wa kwanza? Ukurasa wa 102, mfano huu ni wako mwenyewe? Umenifurahisha.

Amesoma. Amesoma wote! Ilibidi nijifanye natafuta kalamu kwenye mkoba ili nifute macho. Nilimjibu nusu saa nzima na alitaka zaidi.

Akamaliza kwa kusema kesho anataka kumwona namba tatu akifundisha.

Jumatano, 14 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi mdogo wangu akaingia, shati jeupe, mikono imeoshwa lakini kucha bado zina rangi ya vanishi. Mkalimani chumbani ni mimi peke yangu. Nikaanza kumtambulisha, akanizuia. Akawaonyesha wageni kwa ishara: vinywani kufuli. Hakuna kuongea. Dakika ishirini akawafundisha bila sauti hata moja. Kila mmoja akapewa jina la alama. Mwenyekiti amepewa kamba ya miwani. Koma, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili, amepewa kidole kinachochora koma hewani, na sijui nani kamwambia, maana si mimi! Chumba kizima kikavunjika mbavu. Mwisho wa kipindi wale wataalamu walikuwa wanaulizana majina na hali, polepole, kwa mikono. Mwenyekiti alipiga makofi, kisha akakumbuka, akainua mikono akaitikisa hewani kama alivyofundishwa.

Nikasema moyoni, tumeshinda.

Saa nane kikao cha kufunga. Mkuu wa idara, Koma, mimi, mdogo wangu pembeni yangu. Mwenyekiti akavaa miwani. Programu tunaipendekeza ipate ithibati, akasema. Mkuu wa idara akanipiga mgongoni. Kwa sharti moja.

Akatoa kijitabu, akakiweka mezani. Mwongozo wa Tume. Jalada la bluu. Wangu ni mweupe.

Toleo jipya. Limetoka mwezi wa tisa mwaka jana. Kifungu cha kumi na nne kimefutwa. Anayefundisha shahada lazima awe na shahada ya uzamili, vitendo au nadharia, ni mamoja. Namba tatu aondolewe kwenye jedwali, awekwe mwenye uzamili kabla ya mwisho wa Juni. Yeye anaweza kuitwa siku mojamoja kama msaidizi wa maabara. Asifundishe, asisahihishe.

Miezi minane nafanya kazi na mwongozo uliokufa. Uko kwenye kompyuta yangu, nimeupigia mistari kwa rangi tatu. Pambizo zangu zote zimekaa sawa.

Hakusema kwa ubaya, hilo niliandike. Alivua miwani. "Ndiye mwalimu bora niliyemwona mwaka huu wote, na inaniuma. Lakini kanuni si yangu. Tafadhali mweleze, Dokta, kila neno. Ana haki ya kujua."

Nikamgeukia. Alikuwa ameshakaza macho kwenye mikono yangu, amekaa ukingoni mwa kiti, kama alivyokuwa akikaa utotoni mama akirudi kutoka kuonana na mwalimu wa shule, mimi nikiwatafsiria maneno.

Mikono yangu ikasema: wameipenda. Wanakushukuru sana.

Basi. Hivyo tu.

Uso wake ukafunguka. Akamwambia mwenyekiti kwa alama kubwa, za wazi: niko tayari kuanza siku yoyote mtakayotaka. Mwenyekiti akanitazama mimi, anasubiri.

Nikasema, "Anasema ameelewa."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akasema mdogo wangu ana moyo mkubwa.

Kisha karatasi ya kukubali sharti. Mkuu wa idara akaninong'oneza, tia sahihi, Dokta, programu imepita, ya fundi tutayaona baadaye. Koma akanipa kalamu. Nimetia sahihi. Mdogo wangu alinitazama nikisaini, akashangilia, mikono juu.

Ni mara ya kwanza maishani kumdanganya. Kila mtu mwingine ameshamdanganya, madaktari, shangazi, walimu, wakaongea juu ya kichwa chake na kumwambia "si kitu". Nilikuwa mimi tu nisiyefanya hivyo. Naona aibu.

Alhamisi, 15 Mei

Saa mbili asubuhi. Sijakwenda kazini.

Amenitangulia kuamka. Amechora darasa kwenye karatasi ya manila: viti nusu duara ili kila mmoja amwone mwenzake, hakuna wa nyuma. Meza yake hapa. Dirisha lisiwe mgongoni kwa mwalimu, mwanga utaficha mikono. Vipimo vyote kwa sentimita. Anataka nimpelekee mkuu wa idara leo.

Nikamwekea chai. Nikamwambia ni nzuri sana. Mikono ilikuwa mizito.

Akaacha kuchora. Akauliza — taratibu, bila hasira, kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukata — yule mama wa miwani jana alifungua mdomo muda mrefu. Alivua miwani. Alinitazama mimi, si wewe. Nilihesabu, mdomo wake ulikwenda dakika mbili nzima. Mikono yako ilisema maneno machache. Mengine yalikwenda wapi?

Nikajifanya natafuta sukari.

Akagonga meza ili nihisi mtikiso, tulivyokuwa tukiitana zamani. Vidole viwili kidevuni. Jina langu. Kisha: alisema nini?

Nimevuta daftari hili. Nimeshika kalamu. Mikono ikiwa na kalamu haiwezi kusema kitu, na naona ndiyo sababu naandika, kila neno linalonijia, hata ya sukari. Yeye amekaa upande wa pili wa meza. Chai yake haigusi. Hanihimizi hata kidogo, amekunja mikono kwa subira, anafuata ncha ya kalamu inavyokwenda.

Anadhani namwandikia jibu.