Sarafu za Kitinda Mimba

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumegawana vitu vya marehemu mama. Mjomba kakaa kwenye kiti cha mama kama jaji, anakohoa kwanza, ndiyo anasema. Mama hakuacha maandishi, alimwachia maneno. Mimi kifungua mimba nikaanza. Nikapewa pasi. Pasi! Ile ya makaa, yenye kijogoo cha shaba kwenye kifuniko, mpini umeungua, haijaguswa tangu tulipovutiwa umeme.

Halafu mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akapewa kopo la sarafu za bibi. Zile za fedha, fedha ya kweli ya pete na bangili. Bibi alilipwa nazo zamani, alipokuwa akifua nguo kwenye nyumba ya matajiri. Mama alizificha miaka yote chini ya mashuka.

Nikacheka. Nikasema ahsante mjomba, mama alijua nani mpiga pasi hapa. Watu wote wakacheka na mimi. Lakini ndani — jamani! Wivu umenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nani alifua mashuka ya mama alipolala kitandani? Nani alimkata kucha? Yeye alikuja Jumapili na marashi yake, anabusu, anaondoka.

Na hilo kopo hakulitaka hata! Kalifungua, kachungulia, kakunja pua. Eti, "Dada, hivi si vizibo vya chupa? Vyeusi tiii!" Kisha kanisukumia. "Wewe unajua watu. Niulizie kama zina maana ya kuwekwa, au nizitupe."

Nizitupe! Nimelibeba kopo mpaka nyumbani nimelikumbatia kama mtoto. La kwake, lakini nimelikumbatia.

Jumanne, 5 Machi

Nimeenda nalo kazini. Pale kwetu kwa dobi, mbele ni kaunta, katikati meza mbili za pasi, nyuma masinki ya saruji na kamba. Meza ya pili ni ya mwenzangu, tunamwita Kimya. Huyo kwa siku anasema neno moja, na hilo nalo kwa mkopo. Hainisumbui. Nasema langu, halafu namsemea na lake.

Nikamwaga sarafu kwenye blanketi la kupigia pasi. Nyeusi kweli, kama zimetoka kwenye bomba la moshi. Upande mmoja kichwa cha mfalme mwenye ndevu, simjui, hanijui. Kila mteja aliyekuja kuchukua nguo nikamwonyesha. Wa suti ya kijivu akasema bandia. Mama wa mapazia akasema zikae, zitapanda bei. Mwenye gauni la harusi akasema zinaleta mkosi — nikamwambia mkosi ni hilo doa la mafuta kifuani kwako, bibi harusi, tuanze na hilo.

Nikatoa sumaku ya spika mbovu. Haikuvuta hata moja! Nikaangusha moja sakafuni. Ikalia — tiiing! — mlio mrefu, mtamu. Kimya akainua kichwa. Akasema, "Fedha."

Neno la leo hilo. Na mimi roho imeniuma upya.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepita kwa sonara, yule wa kona, anayekaa kwenye stuli fupi mpaka magoti yanamgusa masikio. Akasugua ukingo wa moja kwenye kijiwe chake, akadondoshea dawa, akanusa. Akasema, "Fedha safi, mama. Za kwako?"

Jamani, lile swali! Nikasema, "Za kwetu." Si uongo.

Akasema yeye atanunua kwa mizani tu, ayeyushe atengeneze vikuku. Lakini nisiwe na haraka. Kuna bwana mmoja anauza saa za zamani na stempu, nyuma ya duka la vitabu, kila Jumatano. Yule anajua sarafu. Nyingine, akasema, watu wanazinunua kwa bei inayozidi uzito wake mara nyingi. Huyo ndiye atakwambia uweke au uyeyushe.

Njia nzima naongea peke yangu. Kuzidi uzito wake mara nyingi! Nikaona mashine ya kufulia. Naiona kabisa — nyeupe, mlango wa kioo, inazunguka yenyewe, na mimi mikono yangu mikavu imelala mapajani kama ya mke wa waziri. Maana hii mikono sasa, nikishika soksi ya nailoni inanasa.

Halafu nikakumbuka. Si mashine yangu hiyo. Ni ya kitinda mimba. Na yeye anayo mashine tayari! Iko pale jikoni kwake, kaifunika kitambaa cha kufuma, juu kapanga vikombe. Nguo anamletea nani? Mimi. Eti mashine inapausha rangi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya jambo.

Nilikwenda kumpa jibu, kopo mkononi. Nia yangu ilikuwa kumwambia ukweli, naapa. Nikamkuta sebuleni, kalala kwenye kochi jipya, miguu juu, anapaka rangi ya kucha. Kochi jipya! Hata plastiki hajalitoa, ukikaa linapiga kelele. Akanikaribisha, dada yangu karibu, tena akanipigia hadithi ya lile kochi mwanzo mpaka mwisho, mumewe alivyomshtukiza, wabebaji walivyoshindwa kulipitisha mlangoni. Nikacheka inapopasa kucheka. Nikasifia mito.

Ndipo akauliza, "Na vile vizibo?"

Mdomo ukaenda wenyewe. "Bati," nikasema. "Bati lililopakwa rangi. Sonara kanicheka mpaka nimeona haya."

Hakushtuka hata. Akapuliza kucha. "Si nilisema? Basi kaa nazo, dada. Wape watoto wa jirani wachezee."

Moyo ulinidunda nikaogopa plastiki ya kochi itatoa sauti. Halafu akanyanyuka, kucha mbichi vile vile, akaomba kopo. Nikasema Mungu wangu, kabadilisha mawazo. Kumbe anachagua moja. Kachagua iliyo chafu kuliko zote, utadhani makaa. "Hii nabaki nayo. Nimekumbuka, mama alikuwa anaizungusha mezani nikiwa mdogo, nanyamaza kulia."

Mimi mama hakunizungushia sarafu. Mimi nilipokuwa nalia nilipewa beseni, nisuuze.

Basi nimerudi na kopo. Sasa ni langu. Kaniachia mwenyewe kwa mdomo wake! Nimejilaza mchana kidogo, sikupata usingizi.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimefurahi, niandike vizuri. Nimeamka nikiimba. Jumatano naenda kwa bwana wa saa — sasa nitapeleka kitu cheusi vile? Mimi? Watu waniletee vitambaa vya gereji, nivirudishe vinatoa harufu ya jua, halafu nipeleke mali yangu sokoni na taka zake? Haiwezekani.

Nikaweka beseni uani. Ndimu, jivu laini lililochungwa, na ule mswaki wangu wa kusugulia kola. Kwanza nikaroweka. Kisha moja moja, nikisugua kwa kidole gumba, mviringo, kama unavyotoa jasho kwenye ukosi. Weee! Weusi unatoka kama mchuzi. Mfalme akaanza kutokea — pua, kisha ndevu, kisha jicho. Nikamwambia, bwana, ulikuwa unahitaji dobi muda mrefu! Zilizokuwa sugu nikazipa dawa ya meno na kitambaa cha jinzi. Mpaka mchana zote zimekaa kwenye taulo zinang'aa, ukitazama unafumba jicho.

Kimya alipita kurudisha chungio langu. Akasimama, akatazama. Akasema, "Nzuri." Na hakuenda. Akaongeza, "Sana." Maneno mawili kwa siku moja! Nikajua nimefanya kazi.

Na nikafikiria ile ya mdogo wangu, nyeusi, peke yake kule kwake kwenye nyumba ya vigae. Nikasema moyoni, abaki na uchafu wake. Mara hii cheupe ni changu.

Jumatano, 13 Machi

Sina hamu. Lakini nikinyamaza nitapasuka.

Bwana wa saa ni mtu mpole, ana shingo ndefu na lenzi imening'inia kwa kamba ya kiatu. Kwenye kibanda chake saa zote zinasema majira tofauti. Nikatandika kitambaa cheupe, nimekipiga wanga asubuhi ile ile, nikazipanga. Zinametameta. Nikasubiri asifie.

Akachukua moja, akaiweka chini ya lenzi. Akachukua nyingine. Akavua miwani kabisa. "Mama, nani ameziosha?"

"Mimi mwenyewe!" nikasema, kifua mbele. "Kwa mkono!"

Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa. Akaniambia taratibu — wala hakunigombeza, afadhali angenigombeza — kwamba ule weusi si uchafu. Ni ngozi ya sarafu. Inachukua umri wa watu wawili kuota, na wanunuzi wanalipia hiyo ngozi. Ukisugua unaichuna, na chini yake unaacha mikwaruzo, akanionyesha kwenye lenzi. Kweli. Uso wa mfalme una mistari kama sufuria yangu.

Nikauliza, sasa je, niweke au nisiweke? Akasema hizi sasa ni uzito tu. Ukitaka ziweke, ukitaka mpe sonara ayeyushe, hasara ni ile ile.

Nikauliza zingekuwa bei gani kama nisingeziosha. Akataja bei. Ya moja tu, mama, akasema. Moja ya namna hii yenye weusi wake. Moja ni mashine ya kufulia, na chenji ya sabuni.

Halafu akauliza, kwa upole wake ule ule, "Hakuna hata moja iliyobaki haijaoshwa?"

Ipo. Iko kwenye nyumba ya vigae. Iko kwa yule ambaye hata kupata hasara hajui! Kaniachia kopo zima akachukua moja, chafu, kwa ajili ya machozi yake ya utotoni — na ndiyo hiyo! Mimi nimechuna zote kwa mkono wangu, yeye kalala kwenye kochi, na bado kanishinda. Bado!

Nikasema, "Hakuna."

Alhamisi, 14 Machi

Nimeunguza shati la mtu. Kimya kanitazama. Sikumsemea neno lake leo, wala langu.

Jumamosi, 16 Machi

Mdogo wangu yuko hapa. Yuko uani. Naandika nimesimama jikoni.

Kaja asubuhi, peke yake, bila marashi. Kumbe Kimya kampenyezea habari! Yule mtu asiyesema, kakutana na mdogo wangu pale kaunta jana, mimi niko nyuma naanika, kamwambia — sentensi nzima, jamani, sijui kaitoa wapi — eti dada yako kazisugua zile sarafu mpaka zinang'aa kama mwezi. Miaka yote namwombea aongee!

Nikadhani kaja kunigombeza. Roho imenipaa. Wapi! Kaingia, kaiona pasi ya mama pale dirishani, kaishika. Kakaa chini nayo mapajani, masizi kwenye gauni lake, hajali. Machozi. Eti, "Mimi hii ndiyo niliyoitaka, dada. Siku ile kwa mjomba nilitaka kupiga kelele. Wewe umepewa kitu alichokishika kila siku. Mimi nikapewa kopo la bati. Mama alijua nani mtoto wake."

Kumbe na yeye! Kumbe tulikaa kwenye chumba kimoja, kila mmoja na mwiba wake kooni, tunachekeana.

Nilitaka kusema. Mdomo huu unaosema ya mtaa mzima ulitaka kusema — ukagoma. Nikasema, "Chukua maji."

Ndipo akafungua leso. Ile sarafu, nyeusi tiii, imelala katikati. "Hata kama ni bati, dada, nataka kuivaa shingoni. Nisugulie kama zako. Mikono yako ndiyo inajua."

Nikasema acha tu, nyeusi inapendeza. Akacheka, akasema dobi gani wewe! Nikasema leo nimechoka. Akasema basi nitasugua mwenyewe, nionyeshe tu, umezaliwa kwanza kazi yako kunionyesha. Kakunja mikono ya gauni. Kajitwalia beseni, kajitwalia mswaki wa kola.

Nikimwambia ukweli, ajue yote: si bati, nilimdanganya, na nimeziharibu zake. Na yeye apate mashine ya pili ya kuifunika kitambaa. Nikinyamaza — dakika chache tu, mviringo, kwa kidole gumba — tutakuwa sawa. Sawa kabisa. Watoto wawili wa mama mmoja, wote weupe.

Na atanishukuru. Hilo ndilo baya, atanishukuru.

Ndimu keshaikata, naisikia harufu mpaka huku. Anaita. "Dada! Jivu liko wapi?"

Liko hapa mbele yangu, ndoo nzima, limechungwa. Nimemjibu bado nalitafuta.